Mama Njuki na Chama cha Mzinga

Mteja alipoanza kuchagua, Mama Njuki alimpa kisogo. Hata kama ulikuwa unachagua kati ya andazi hili na lile kwenye trei, yeye aligeuka akatazama ukuta mpaka useme umemaliza. Wageni walidhani ana kiburi. Misheck, mwendesha boda boda aliyekunywa chai hapo kila asubuhi kabla ya kazi, alimtania.

"Mama, na nikiiba je?"

"Iba," alijibu bila kugeuka. "Lakini uibe lile unalolitaka mwenyewe."

Jina lake lilikuwa Cicily Wambura; njuki ni nyuki kwa Kiembu. Nilimjua nilipohamia Runyenjes kufundisha shule ya upili. Nilikula kwake kwa sababu kupika chakula cha mtu mmoja kulinichosha kuliko kazi yenyewe. Hoteli yake ilikuwa na meza chache mbele na jiko uani. Kati ya jiko na choo kulikuwa na chumba kingine, na juu ya mlango wake kibao cha bati chenye picha ya mzinga wa nyuki, ule wa gogo wanaotundika mitini huko Mbeere. Chini ya mzinga paliandikwa: CHAMA CHA HIARI, na kwa rangi mpya zaidi, TAWI LA RUNYENJES.

Chama hicho nilikikumbuka tangu utotoni, na nilijua kimekufa. Sasa chama kilichokufa kina ofisi ya kazi gani? Nikaanza kumuuliza, naye akawa ananijibu kidogo kidogo, akichambua njahi, maharagwe meusi ya huku, mezani.

Yote yalianza mwaka wa themanini na nane, kura zilipopigwa kwa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Kila mtu alisimama uwanjani nyuma ya picha ya mgombea wake, mbele ya macho ya chifu, majirani na mama mkwe. Mama Njuki alisimama nyuma ya mwalimu mmoja mstaafu. Akitazama ng'ambo, akamwona mumewe, Njura, kwenye mstari wa mgombea wa wakubwa.

"Alikuwa karani wa chama cha ushirika cha kahawa," aliniambia. "Mkubwa wake alikuwa amesimama hapo pembeni, amekunja mikono. Angefanya nini? Nilimwona, naye akaniona. Halafu mstari wetu, uliofika mpaka barabarani, ukatangazwa kuwa mfupi."

"Mlisemaje nyumbani?"

"Hatukusema. Nilimpakulia akala. Tuliishi pamoja mpaka akafa, na siku ile hatukuitaja hata mara moja." Aliokota jiwe dogo kwenye njahi akalitupa mlangoni. "Mtu asiangaliwe akichagua, mwalimu. Akiangaliwa anakuwa mtu mwingine."

Vyama vingi viliporuhusiwa, walimu na wakulima wa kahawa kutoka Meru na Embu wakaanzisha Chama cha Hiari. Walitaka mtu awe huru kusema, kuabudu na kuuza mazao yake anakopenda, na serikali ibishe hodi kabla ya kuingia kwa mtu. Mama Njuki alijiunga kwa sababu ya jambo moja tu: kura ya siri. Walichagua mzinga uwe alama yao, na kwenye mikutano wanawake walifunga leso za manjano wakiimba kwamba nyuki hawana bwana. Chama kikapata mbunge, kikapata madiwani. Kikafungua ofisi mtaa wa Majimbo, mjini Embu, yenye simu na katibu aliyevaa tai.

"Tulikuwa wakubwa!" alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Katibu alikuwa akitupa miadi. Mimi, miadi!"

Kilivyoporomoka hakunificha. Mbunge aliitwa serikalini akaenda na hakurudi. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Ulipofika wakati wa muungano mkubwa wa vyama, viongozi waliobaki wakaupanda wote kama basi, na walipofika walikokuwa wakienda hakuna aliyekumbuka kuteremka. Ofisi ya Majimbo ikawa ya kinyozi. Mama Njuki alipokwenda kukichukua kibao, alikuta kinyozi amekifunikia mtaro wa maji machafu.

Tangu hapo, kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alifungua chumba kile cha nyuma akafanya mkutano na rafiki yake Phyllis, muuza ndizi, na yeyote mwingine aliyetokea. Mara nyingi hakutokea mtu.

"Huwa mnafanya nini humo?" nilimuuliza Phyllis.

"Tunasoma kumbukumbu za mkutano uliopita."

"Zinasema nini?"

"Kwamba tulikutana."

Kisha, baada ya katiba mpya na serikali za kaunti, akaja wakili Riungu kutoka Meru. Alikuwa amenyimwa tiketi ya kugombea na chama kikubwa kwa njia asiyoisahau, akaamua kulifufua jina la Hiari. Huku kwetu akampata Kanana, msichana mwenye kitalu cha miche ya maparachichi. Kanana alikuwa amewakusanya vijana waliochoka kuletewa wagombea wasiowajua. Katika msimu mmoja tu chumba cha nyuma kikajaa mpaka watu wakasimama jikoni. Mkutano ukahamia ukumbi wa kanisa.

Tawi lilihitaji mwenyekiti wa kulipeleka kwenye uchaguzi mkuu. Majina yakawa mawili, Mama Njuki na Kanana.

"Nakitaka kile kiti, mwalimu," aliniambia jioni moja. "Sitakudanganya. Nimekiuguza chama hiki peke yangu. Sasa kimeamka, nataka niwe nimekishika mkono kikitembea."

Sikuwa mwanachama, lakini siku ya mkutano nilikwenda, nikaketi nyuma. Riungu alikuwa na haraka, wingu la mvua lilikuwa linatanda upande wa mlimani naye alitaka kuwahi Meru.

"Jamani, tusipoteze wakati," alisema. "Anayemtaka Mama asimame nyuma ya Mama. Anayemtaka Kanana, nyuma ya Kanana. Haya!"

Vijana wakainuka wakicheka kama watoto wa shule wanaopanga foleni ya uji. Wengi walizaliwa baada ya mwaka ule na hawakujua wanafanya nini. Nilitazama mistari ikikua. Wazee walimwendea Mama Njuki moja kwa moja. Vijana walisita, wakatazamana. Nani angepita mbele ya mama aliyemlisha tangu utotoni akasimame kwa mshindani wake? Misheck alianza kwenda upande wa Kanana. Mama Njuki akamtazama, si kwa ukali, alimtazama tu. Misheck akajikuna shingo, akageuza njia kana kwamba alikuwa akitafuta mahali pa kupitia, akajiunga na mstari wa Mama.

Mstari ule ukafika mlangoni. Nyuma ya Kanana palikuwa na vijana wachache, na Kanana mwenyewe alikuwa akitazama sakafu.

"Basi, imekwisha!" Riungu alipiga makofi. "Hongera, Mama!"

Mama Njuki alikuwa bado anamtazama Misheck.

"Ketini," alisema. "Nyote, ketini."

"Mama, si umeshinda?"

"Wakili, hawa wamesimama hapa kwa sababu nina macho."

Phyllis alimvuta leso. "Cicily, wacha mchezo! Leo mstari ni wetu!"

"Hata wale wa siku ile walisema hivyo."

"Wale walikuwa waongo! Sisi tumekuwa na chama hiki kikinuka mtaro!"

"Phyllis. Keti."

Akatuma watu hotelini kwake. Wakarudi na sufuria mbili zenye vifuniko, njahi na mfuko wa unga wa ugali. Sufuria moja aliifunga leso ya manjano, iwe yake, nyingine Kanana akaifunga tawi la mparachichi. Kisha Mama Njuki akamwaga unga ndani ya zote mbili, safu nene. Riungu akauliza unga ni wa nini.

"Njahi ikigonga bati inalia," alisema. "Aliye nje atajua umetupa wapi. Ikianguka kwenye unga inanyamaza, hata wewe uliyeitupa huisikii."

Sufuria zikawekwa katika chumba cha kwaya, shuka likatundikwa mlangoni. Kila mtu akapewa njahi moja, akaingia peke yake, akatoka. Mvua ilianza kunyesha kwenye mabati, na Riungu akaacha kutazama saa yake. Mama Njuki aliingia wa mwisho, akatoka akijifuta unga vidoleni.

Walipozimwaga kwenye trei, njahi zilikuwa nyeupe kwa unga. Walizihesabu kwa sababu ilibidi, lakini sote tulikuwa tumeshaona. Rundo la Kanana lilikuwa kubwa.

Hakuna aliyepiga makofi. Misheck alitoka nje mvuani, akasimama kando ya pikipiki yake bila kuiwasha. Phyllis alilia kwa hasira, akisema kwa sauti, "Umejipindua! Umejipindua mwenyewe, mwanamke wewe!" Mama Njuki aliketi kidogo, mikono magotini. Halafu akamwendea Kanana, akamshika mkono, akamwita mwenyekiti. Akaomba arudishiwe sufuria zake, kwa kuwa wateja wa jioni walikuwa njiani.

Nilimsaidia kuziosha. Unga ulikuwa umeganda pembeni, naye aliukwangua kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Unajuta, Mama?"

"Sana," alisema. "Unafikiri mimi ni malaika?" Akakwangua tena. "Lakini ningekaa pale mbele, kila mkutano, nikimwangalia Misheck na kujiuliza. Hilo nimelifanya kwa mume. Sitalifanya kwa chama."

Katika uchaguzi mkuu Hiari ilipata viti viwili vya wadi, na gazeti moja likaandika habari zake katika ukurasa wa ndani. Kibao cha bati kilihamia ofisi mpya karibu na soko. Kifua cha Mama Njuki kilipozidi kumsumbua aliifunga hoteli akaenda Gachoka kwa mwanawe, kwenye joto na vumbi, ambako mizinga ya kweli imetundikwa mitini. Nilimtembelea mara moja tu, kabla ya mkutano wa tawi ambao hakuishi kuuona. Alikuwa amekonda. Aliniuliza habari za kila mtu: Phyllis, aliyekuwa bado amenuna, Misheck, aliyemletea ndizi na kukaa naye nusu siku, na Kanana, kama bado anaongea haraka haraka. Nikamuuliza, kwa kuwa nilikuwa nimelibeba swali hilo muda mrefu, kama hasikii uchungu kuwa mwanachama wa kawaida baada ya yote yale.

Alinisindikiza mpaka kwenye lango, polepole, akishika ua kwa mkono mmoja.

"Mwambie Kanana mkutano ujao nina swali," alisema. "Na asiniruke ati kwa sababu mimi ni mzee."