Kichwa cha Joka Kisichokaa

Kan Seihoi alitokea kwenye stesheni ya treni ya chini ya ardhi, akasimama na begi lake mkononi, hajui aelekee wapi. Kibao kilikuwa na jina la Sekgong, kijiji alikozaliwa na kuoa. Lakini mbele yake palikuwa na maghorofa, duka la miwani, na mfereji ulionyooka kama rula. Mfereji wa kwao ulikuwa na kona.

"Baba mdogo! Huku!" Alikuwa Loktin, mtoto wa marehemu kaka yake. "Watu wanakungoja tangu asubuhi, na wewe umesimama kama mtalii."

"Msufi uko wapi?"

"Msufi gani?"

"Ule wa kwenye ngazi za mawe."

Loktin akakuna kichwa. "Ulikatwa. Au ulihamishwa. Na ngazi nazo, sijui."

Msufi ule ndio uliokuwa alama ya Seihoi.

Kila mwaka, sikukuu ya mashua za joka ikiisha, watu wa Sekgong huizika mashua yao kwenye tope la mfereji, kwa sababu mti wake ukikauka hupasuka. Kichwa chake cha joka, chenye ndevu nyeupe, hung'olewa na kulazwa katika ukumbi wa mababu. Kisha kijiji kikavunjwa, watu wakatawanyika, Seihoi akaenda Shenyang, mbali kaskazini, kuishi kwa binti yake, na mashua ikabaki topeni. Sasa maghorofa yamekwisha kujengwa na watu wamerudi. Ukoo wa Au wa kijiji cha Tungpo, ndugu zao wa kuapishana tangu enzi za mababu, wamewaalika sikukuu ya kesho. Kati ya walioizika mashua, aliyebaki hai ni Seihoi, mshika usukani. Asipoiona, Sekgong wataenda Tungpo kwa basi.

Wanaume waliingia majini hadi kifuani, wakawa wanapapasa tope kwa nyayo.

"Hapa," Seihoi alisema.

Hapakuwa na kitu.

"Basi pale, kwenye taa."

"Hapo tumeshapita, mzee," akasema Fuklam, mpiga ngoma, ambaye amemtania tangu utotoni. "Hebu kumbuka vizuri. Hukuizika Shenyang kweli?"

Watu wakacheka. Seihoi alicheka nao. Mchana mguu wa mtu ukagonga ubao, mahali ambapo yeye hakupataja hata mara moja. Wakakumba tope kwa ndoo, wakaitikisa ubavu huu na huu, hata ikaibuka, ndefu, nyeusi, inanuka. Fuklam akaicharaza ngoma. Seihoi akageukia ukuta wa mfereji, akajipangusa uso.

Kichwa kikaletwa kwa heshima zote, kikachomekwa, kikalala upande.

Wakakichomoa, wakakichomeka tena. Kikapwaya, kama kofia ya baba kwa mtoto.

Wakati huo alikuwa amefika Au Paakman, mshika usukani wa Tungpo, na mfuko wa matunda. Aliizunguka mashua, kisha akauliza taratibu, "Kaka Seihoi, hii si yetu?"

Ni kweli, mwaka ambao mfereji wa Tungpo ulizibwa kwa ujenzi, watu wa Tungpo waliomba kulaza mashua yao Sekgong.

"Si mliichukua?" Seihoi akauliza.

"Tuliichukua?"

"Hamkuichukua?"

"Mimi nilikuwa kitandani, naumwa miguu. Niliambiwa imechukuliwa. Lakini kwetu haipo, tumenunua mpya."

Seihoi akapiga magoti, akasugua ubavu wa mashua kwa kiganja. Kiraka kilikuwepo. "Ona! Hapa niligonga nguzo ya daraja!"

Paakman alicheka mpaka akakohoa. "Nguzo hiyohiyo niliigonga na mimi, siku hiyohiyo, kwa kumfuata kipofu kama wewe! Na fundi aliyetuzibia alikuwa mmoja."

Walirudi majini kutafuta mashua ya pili. Waliambulia baiskeli.

"Hatuwezi kuja nayo," Seihoi alisema. "Ni kama kwenda harusini umevaa suti ya bwana harusi."

"Njooni nayo," Paakman akajibu, akimwekea tunda mkononi. "Ikija na ndevu nyeupe, nitaipokea kama mgeni. Mkishakula, ndipo tuigombanie."

Asubuhi walikibana kichwa kwa vipande vya mianzi na kitambaa chekundu. Seihoi akapanda nyuma, akashika kasia la usukani. Uzito wake aliujua, au alidhani anaujua. Alijaribu kukumbuka kama lile la zamani lilivuta kushoto hivi, akashindwa.

"Baba mdogo," Loktin akauliza kwa sauti ya chini, "tunaenda kutembea, au tunawarudishia chombo chao?"

"Piga kasia."

Lakini sisi wapishi wa Sekgong, tuliobaki ukingoni na masufuria, tulimwona, kabla hajasukuma mashua, akipapasa mfuko wa shati kuhakikisha kwamba kadi ya treni imo, isije mashua ikabaki Tungpo.

Walipita chini ya daraja bila kugonga nguzo. Kichwa kilikuwa kinatikisika mbele, huwezi kujua kinakubali au kinakataa. Mke wa Loktin, mwiko mkononi, aliuliza kama awabakizie wali wa jioni.