Kichupa cha Somoe

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kama utomvu wa korosho unavyong'ang'ania vidoleni. Tulikuwa kwetu Mahurunga. Mdogo wangu, Somoe binti Hamisi, alikuwa ameota mitoki, tezi zilizovimba, shingoni na kwapani, mikubwa kama mabibo machanga, na homa haimwachi.

Daktari Chilumba wa kituo cha afya akamkata kipande kidogo cha nyama kwenye tezi moja, akakitia kwenye kichupa cha dawa, akanikabidhi mimi dada mtu. "Kipeleke hospitali kubwa Mtwara, leo hii. Huenda ni kifua kikuu, huenda ni kirusi, huenda ni kitu tusichokijua. Hicho ndicho kitatuambia."

Mimi niliishia darasa la pili. Lakini nililelewa kwamba kitokacho mwilini huzikwa: kitovu, kucha, nywele. Nikaona haya nyama ya mdogo wangu ikageuzwegeuzwe na wanaume wasiomjua. Nikarudia njiani. Nikakizika nyuma ya nyumba, pale pale kilipozikwa kitovu chake, nikasoma Fatiha. Kisha nikasema nimefikisha.

Somoe akawa wa mkekani. Kila nikipita, "Dada, jibu limekuja?"

"Bado."

"Mbona jibu la hao wa mjini linachelewa kuiva kuliko makande?"

Akacheka, nami nikacheka naye. Kicheko kile, mwanangu, sijakisamehe.

Alifariki akingoja. Baada ya arobaini nikaenda kumweleza Daktari Chilumba. Akavua miwani. "Binti, ungeniuliza tu. Wakishapima, ningewaomba wakurudishie kilichobaki, ukakizike utakavyo." Hakunifokea. Heri angenifokea.

Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi sikuyaficha. Nilificha njia ya kuyajua. Sisemi jibu lingemponya, hilo analijua Mungu. Lakini lilikuwa lake, nami nikalifukia.

Mwaka huu mitoki imemtoka mjukuu wangu, Zainabu. Daktari wa Mtwara, msichana mpole, katueleza kwamba ni ugonjwa adimu wa tezi; wanatafuta kama kuna kirusi kinachouleta, na bado hawajui. Akamkata kipande cha nyama. Nikaomba nikipeleke maabara mwenyewe, upande wa pili wa mji. Kwenye bajaji Zainabu, shingo imefungwa bandeji, akanitania: "Bibi, unakibana kama hirizi!"

"Nyamaza wee. Safari hii kitafika."

Kimefika. Nikauliza pia kuhusu mabaki, wakaniandikia kwamba watanirudishia nikayazike. Jibu bado, tunalingoja wawili, safari hii kwa haki.

Mwanangu, mila ya kuzika ni njema, sikuambii uitupe. Ila ukiwa na shaka, itoe mbele ya anayejua, usiende nayo nyuma ya nyumba. Kuuliza si ujinga. Na ukikosea, ungama mgonjwa angali anasikia. Kaburi halipokei samahani.

Mola akulindie mwili na ulimi. Na siku utakapolingoja jibu, akujaalie mchukuzi mwaminifu. Amina.