Shangazi wa Asubuhi na Shangazi wa Mchana

Habari ya kifo chake ilinikuta nimelala chali chini ya baiskeli ya magurudumu matatu, nikikaza nati ambayo kila nikiikaza hulegea tena. Watu wawili walikuja wakasimama karibu na miguu yangu. Mmoja akasema yule mama wa asubuhi amekufa, amefia hospitali huko Tororo, na wanamleta leo hii azikwe. Mwenzake akauliza kwa huruma ya kweli kabisa, “Na yule wa mchana ameshaambiwa?” Nilibaki pale chini nimeshika spana, machozi yakinitiririkia masikioni, maana ndiko yanakokwenda mtu akiwa chali, na huku nacheka. Sikujua kama mtu anaweza kufanya yote mawili kwa pumzi moja. Wasomaji wangu, naomba msinihukumu mpaka nimalize kueleza.

Mnaonisoma mnajua kuwa sikusomea uandishi. Niliishia darasa la saba, nalishwa na spana, na nafasi hii gazetini naijaza kwa yale ninayoyaona kutoka chini ya baiskeli za watu. Kwa anayetusoma kutoka mbali, hapa Busia mpaka wa Uganda na Kenya umepita katikati ya mji, sisi tukiwa upande wa Uganda, na unga, sabuni na mafuta ya kupikia huvuka kwenda na kurudi juu ya baiskeli za magurudumu matatu, zenye kiti mbele na sanduku nyuma, zinazoendeshwa kwa mikono na wenzetu wenye ulemavu. Watu wa forodha huwapisha bila kuwapanga foleni pamoja na malori. Ndiyo kazi yao, wana kikundi chao, mwenyekiti wao na makoti yao ya reflekta, na mtu asiye na koti havuki na mzigo. Marehemu alikuwa mmoja wao. Alikuwa mjane, Mwislamu wa hapa hapa mjini, binti wa ukoo wa madereva wa malori, na sote tulimwita Shangazi, hata wale waliomzidi umri.

Ugonjwa wake ulikuwa baridi yabisi. Kwa kuwa jina lina baridi ndani yake, majirani walimletea masweta, naye akayapokea yote kwa adabu katika jua letu hili linaloyeyusha ndala. Daktari alikuwa amemwelezea kwamba baridi haihusiki. Askari wa mwili wake mwenyewe, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wamegeuka na kuanza kuwapiga wenye nyumba, na wameanzia kwenye viungo. Shangazi alikuwa akituambia, “Nimepewa jeshi, lakini limelewa.” Vidole vyake vilikuwa vimeegemea upande mmoja kama watu wanaotega sikio la umbea. Siku ya kwanza aliponijia aliniomba nimsaidie mishikio ya baiskeli, kwa kuwa ile baiskeli ilitengenezwa kwa mtu ambaye miguu imemkataa na mikono imemkubali, na yeye vyote vilikuwa vinamkubali na kumkataa kwa zamu. Nikazungushia mpira wa tyubu juu ya tyubu mpaka mishikio ikawa minene kama hindi la kuchoma. Akaishika, akaitikisa kama anayemsalimia mkwe, akasema sasa wameelewana. Nikamwambia nina ndoto ya kutengeneza baiskeli yenye mota, mwavuli na redio, inayopanda mlima yenyewe, wewe umekaa unakula karanga. Watu wengine wote nikiwaambia ndoto hiyo hunicheka. Shangazi aliniuliza mwavuli utakuwa wa rangi gani.

Sasa sikilizeni mambo ya asubuhi na mchana. Ugonjwa huu una tabia ya kumkaza mtu anapoamka. Asubuhi Shangazi alikuwa kama mlango uliovimba kwa mvua: anabebwa na binti yake, anawekwa kwenye kiti, majirani wanamsukuma mpaka ng'ambo, na hata kikombe cha chai ananyweshwa. Akimeza vidonge vyake, jua likipanda, viungo vinaanza kulegea. Mchana unamkuta anatembea. Si hivyo tu, alikuwa anashuka, anapakia mzigo kwenye kile kiti chake mwenyewe, kisha anaisukuma baiskeli kwa nyuma huku anaimba. Hebu fikirieni mgeni aliyeingia mji huu akaona kigari cha mlemavu kinasukumwa na mlemavu mwenyewe, kiti kimekaliwa na mfuko wa unga. Vile vidonge navyo vilimjaza uso, mashavu yakawa mviringo, na watu wakawa wanampongeza kwamba amenawiri, maisha yamemkubali. Alijibu kuwa hayo ni mashavu ya kuazima, mwenyewe atakuja kuyadai.

Ndipo watu wa upande wa Kenya wakaamua kwamba hao ni mapacha. Mwenye duka mmoja kule, mama mwenye moyo mzuri sana, alikuwa na hakika zaidi ya wote. Mchana alimkabidhi Shangazi kipande cha keki ampelekee dada yake mgonjwa. Asubuhi iliyofuata Shangazi akafika amekakamaa kitini na kutoa shukrani za keki. Siku moja alimgombeza wa mchana mbele ya wateja kwa nini yeye mzima anamwachia mwenzake mgonjwa safari ya alfajiri, je, hana huruma? Kesho yake asubuhi Shangazi alijaribu kumweleza kuwa ni yeye yule. Mama wa duka akacheka, akamwambia aache kumtetea dada yake. Basi Shangazi akaacha kubisha. Alituambia kwamba kuwa wawili kuna raha yake: mmoja akichelewa, anasemwa mwingine.

Lakini si wote walioipokea kwa keki. Kabla ya hapo kulikuwa na jamaa mmoja kutoka njia ya Lumino aliyejiunga na kikundi akijiburuza kwa kuchechemea hadi unamwonea uchungu, mpaka siku mvua kubwa ilipoteremka ghafla. Aliruka kutoka kitini akakimbia kuliko sote, akafika barazani kabla ya mbuzi. Tangu siku hiyo mwenyekiti hakulala vizuri. Aliogopa kwamba watu wa forodha wakianza kuwashuku, wote watarudishwa kwenye foleni ya malori, na mtu asiye na miguu hawezi kushindana na lori. Hofu yake ilikuwa ya haki. Akatangaza kuwa kila mwanachama atakaguliwa na kamati, na atakayeonekana mzima atavuliwa koti na kurudisha baiskeli. Jina la Shangazi lilitajwa kabla hajamaliza sentensi. Walioshuhudia asubuhi walimtetea, walioshuhudia mchana walimshtaki, wakagombana karibu kushikana mashati, kila upande ukisema kweli tupu. Mwishowe mwenyekiti akaamua kwa busara yake kwamba kikao kiwe mchana, kwa sababu huyu wa asubuhi hana kesi, mwenye kesi ni yule wa mchana.

Kwa Shangazi koti lile lilikuwa sufuria ya nyumba nzima. Hakuwa na shamba kijijini, Dabani wala Lunyo, la kurudia kama wengine, na kwa vidole vile hangeweza kufua wala kusuka. Alikuwa na baiskeli, mpaka na wateja wa ng'ambo, basi.

Mchana wa kikao nilikuwepo, kwa sababu mafundi tuliitwa tutoe ushahidi juu ya mishikio minene. Walimleta wamemlaza kwenye godoro juu ya mkokoteni. Tukatazamana. Mwenyekiti akamwomba asimame. Hakuweza. Wakamwomba ainue kikombe cha maji. Vidole havikukunjuka. Wakamwuliza jina lake na lilitoka kwa shida, jasho likimtiririka huku anasema anahisi baridi, na mtu mmoja nyuma yangu akanong'ona kuwa sasa yale masweta yangefaa. Kamati haikuhitaji hata kujadili. Walikubaliana kwa sauti moja kuwa Shangazi ni mlemavu kamili, tena mfano wa kuigwa, na watu wakapiga makofi. Mwenyekiti alilengwa na machozi. Akamletea koti jipya la reflekta, lakini mikono haikupita, ikabidi wamfunike nalo kifuani, mgongo wa koti ukiwa mbele. Shangazi akatabasamu na yale mashavu yake, akasema kwa sauti ndogo, “Asanteni. Sasa mnirudishe nyumbani, mshindi amechoka.” Sote tulicheka. Mimi nilicheka sana, maana ilikuwa siku ya furaha, alikuwa ameshinda.

Hakuinuka tena kutoka ushindi ule. Alianza kutapika, homa ikapanda, kifua kikabana, wakamkimbiza Tororo. Huko ndiko alikomwambia binti yake, naye binti akatueleza baada ya mazishi, kwamba tangu kikao kilipotangazwa alikuwa ameacha kumeza vidonge. Kila asubuhi alijifanya anameza, kisha anavifunga kwenye pembe ya leso. “Ningemeza ningepata nafuu,” alimwambia, “na ningepata nafuu ningeshindwa.” Daktari alimweleza binti kwamba dawa ile, mtu akishaitumia muda mrefu, haikatwi ghafla, hupunguzwa polepole kwa maelekezo, kwa sababu mwili unakuwa umesahau kujitengenezea ya kwake, na ugonjwa mwingine ukiingia hapo unakuta nyumba haina mlinzi. Mapafu yalikuwa yameingiliwa, na moyo wenyewe ulikuwa umechoka siku nyingi. Sisi tulidhani baridi yabisi ni mambo ya magoti na vidole, ya kupakwa mafuta na kuambiwa pole. Kumbe lile jeshi lililolewa halibaki kwenye viungo. Huenda hadi kwenye moyo na mapafu, kimya kimya, na watu huondoka kwa njia hiyo huku majirani wakiendelea kuuliza habari za goti.

Nimeliwaza jambo hili kila ninapokaza nati. Sioni mtu mbaya ndani yake, na hilo ndilo linalonisumbua. Mwenyekiti ndiye aliyefika kwanza makaburini, akiendesha kwa mikono kwenye vumbi, akaomba ashushwe ili na yeye atupe udongo. Baadaye aliniambia, “Fundi, miguu yangu mimi iko vile vile, asubuhi, jioni. Sikujua kuna ugonjwa unaokwenda likizo.” Ndivyo tulivyo wengi. Mgonjwa tunayemwelewa ni yule aliyelala akabaki amelala. Akikaa tunafurahi, akisimama tunashangaa, akicheka tunamshuku. Nina hakika katika mtaa wako, msomaji, yupo mtu anayetembea vizuri mchana, na hujui asubuhi yake ilikuwaje wala nani alimvalisha viatu. Shangazi alitumia dawa ili aishi kama sisi, na kila siku dawa ilipofanya kazi, sisi tulihesabu kuwa ni ushahidi dhidi yake.

Siku ya tatu ya matanga alikuja yule mama mwenye duka kutoka ng'ambo, amejitanda kitenge kwa heshima ya nyumba ya Kiislamu, amebeba sukari na keki nzima. Alikaa mkekani na akinamama, mimi nikiwa mlangoni nakunja viti. Akasema poleni, kisha akaomba kuonana na dada wa marehemu, yule anayetembea, ampe mkono. Binti wa Shangazi aliinamisha kichwa, na nilidhani atamsahihisha kama mama yake alivyojaribu zamani. Akamwambia kwa upole, “Alimfuata, mama.”

“Wote wawili?”

“Wote wawili. Siku moja.”

Yule mama alishika kinywa. Alilia kilio cha misiba miwili, na alipotulia akasema labda ni afadhali, kwa jinsi walivyopendana, maana hakuwahi kumsikia mmoja akimsema mwenzake vibaya, kila mara walikuwa wakichukuliana salamu. Hapo binti ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Keki tukaila. Hakuna aliyemrekebisha mgeni yule, na mimi nakiri sikuona tena kama amekosea.

Kikundi bado kinakagua wanachama, kwa sababu watu wa kuchechemea mpaka mvua inyeshe hawajaisha duniani. Ila kuna sheria mpya, na mwenyekiti ndiye aliyeileta. Anayekuja kukaguliwa lazima kwanza ale, halafu ameze dawa zake hapo hapo mbele ya kamati, na akionekana mzima baada ya hapo haulizwi kwa nini. Wiki hii alifika kijana kutoka Dabani mwenye kifafa, uso umejaa wasiwasi, vidonge kavificha kwenye soksi. Mwenyekiti alimwambia avitoe, asiogope. Na glasi ya maji, msomaji wangu, aliishika mwenyekiti mwenyewe, akamngojea mpaka ameze.