Kiti cha Ma Koku

Ipo siku naikumbuka kuliko nyingine zote, mwanangu, na hadi leo ikinijia natazama chini. Nakusimulia kwa sababu nimesikia kwamba chuoni ulikuwa rais wa wanafunzi, na sasa vijana wa chama kipya hapa Muleba hawaishi kukupigia simu. Mimi nami niliitwa Rais.

Nilirudi kutoka chuoni vyama vingi vikiwa bado vichanga. Kwetu kulikuwa na chama tawala, kulikuwa na wapinzani wakubwa wenye magari na vipaza sauti, na kulikuwa na chama cha tatu, kidogo, cha watu waliosema kwamba kiongozi atoke kwa wanaomjua, asiletwe na jina lake. Tawi letu lilianzishwa na Ma Koku, mjane mwenye kibanja cha kahawa na migomba. Alizunguka vitongoji kwa miguu, mvua ikimnyeshea, akiwaeleza watu maana ya mageuzi kwa Kihaya chepesi. Sote tulijua kwamba yeye ndiye atakayegombea udiwani.

Ndipo nikafika mimi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husemwa. Lakini wapo wageni wanaomwacha mwenyeji hoi. Vijana walinizunguka, Rais huku, Rais kule, na mgema akisifiwa unajua anachokifanya. Kwenye mkutano wa uteuzi wakalipigia kelele jina langu. Ningeweza kukataa kwa neno moja. Badala yake nilisimama nikasema kwamba aliyeongoza wasomi hawezi kushindwa na kata. Ma Koku aliiweka sawa khanga yake mabegani, akanyoosha mkono kunipigia kura.

Jumapili moja, watu wakitoka kanisani, nilihutubia sokoni. Niliwasema sana viongozi wanaong'ang'ania viti. Mzee mmoja akauliza, kwa upole tu, yule mama aliyewaletea habari za chama hiki ameenda wapi. Ma Koku mwenyewe akainuka kati ya akina mama.

"Nilichoka," alisema. "Mimi ndiye niliyemwomba agombee."

Hakuwa amechoka, wala hakuniomba. Alisema uongo mbele ya watu waliomwamini, ili chama kisiaibike kwa ajili yangu. Nami nikaendelea na hotuba.

Jioni baba yangu hakunigombeza. Alimaliza kula, akanawa mikono, ndipo akaniambia, "Ulisema unakwenda kuwaondoa waliokalia viti muda mrefu. Mbona umeanza na ambaye hata hajakaa?"

Tulishindwa vibaya, ingawa si hilo lililonichoma. Baada ya uchaguzi nilimwendea Ma Koku. Alinipa kahawa ya kutafuna, kama anavyokaribishwa mtu wa heshima, nikaishika kiganjani nisiweze kuitia mdomoni. Nilimwomba radhi, akasema alishanisamehe zamani. Nikamsihi arudi aongoze tawi.

"Haiwezekani, kijana wangu," alisema. "Walinisikia nikisema nimechoka. Nikirudi, watajua niliwadanganya."

Hakugombea tena maishani mwake. Tawi lenyewe lilikufa kabla yake, maana sisi wengine hatukuwa na miguu ya kuvizunguka vitongoji.

Basi, mwanangu, wakikupigia tena simu, waulize ni nani aliyekuwa akiwatembelea watu kabla yako. Ukishamjua, mfuate, umsaidie kupanga viti vya mkutano. Cheo cha jana si hati ya shamba la leo. Na chama cha mageuzi kikikupa nafasi ya mwenzako kwa sababu ya jina lako, ujue bado hakijageuka, na usikubali kuwa wewe wa kukizuia kisigeuke. Kukataa sifa kunauma siku moja. Aibu ya kuzipokea mimi nimezeeka nayo.

Mungu akujalie macho ya kumwona aliyetangulia, na moyo wa kusimama nyuma yake bila kinyongo. Zamu yako ikifika, ikukute ukiwa na watu wanaokujua. Nenda, ubarikiwe.