Mtu Hana Migongo Miwili

Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni, miguu nimeikunja, na nikimaliza nitasimama mwenyewe bila kuomba mkono wa mtu. Alhamdulillahi. Wewe ambaye mgongo umekulaza kitandani, soma polepole. Nitakueleza nilivyougua, nilivyopona, na nilivyotaka kujirudisha kitandani kwa ujinga wangu mwenyewe.

Jina langu Swedi. Ni fundi wa giaboksi. Gereji yangu iko nyuma ya maduka ya mtaa wa Asiatique, na nyumba yangu iko Buterere, pale mashamba ya mpunga yanapoanza. Kabla ya kuumwa nilikuwa mtu wa kupenda sifa. Giaboksi ya gari dogo nilikuwa naikumbatia na kuitoa peke yangu, mafundi wengine wanaacha kazi kuniangalia. Kaka yangu mkubwa, Hamisi, anauza vipuri duka la mbele, na wateja wakiulizia kriki, ile jeki ya kuinulia gari, alikuwa anawaambia: "Kriki ya nini? Kriki ni huyu!" Nami nikisikia hivyo, natafuta kitu kingine cha kubeba.

Basi mgongo ukanikatika siku nilipoinama kuokota spana namba kumi. Spana! Kitu kililia kiunoni kama kuni kavu, jasho likanitoka, nikabaki nimeinama vile vile, sijui niende juu au chini. Hamisi alidhani natania. Waliponilaza kwenye katoni, maumivu yakashuka kutoka tako la kushoto mpaka kidole kidogo cha mguu, kisha ikaja ganzi. Siku tisa sikuweza kugeuka kitandani. Sioni haya kusema kwamba mke wangu, Mariamu, ndiye aliyenishikia kopo nikojoe, na nikipiga chafya nilikuwa nalia kwa sauti.

Daktari alitazama picha ya mgongo, akanichoma vidole vya mguu kwa pini, akasema: "Diski moja imetoka kidogo, inakandamiza mushipa. Sasa hivi apana kupasula. Lakini muze, tumbo na mugongo yako haina nguvu ya kukushika. Ikitoka tena, tutaongea mengine."

Haina nguvu? Mimi, kriki? Nilinuna wiki nzima.

Maumivu yalipungua taratibu, nikarudi gereji kukaa na kuelekeza wenzangu. Kilichonitesa zaidi ni sala. Kurukuu niliweza nusu, kusujudu sikuweza kabisa. Mariamu alinipa kigoda chake cha jikoni, nikawa nasali nimekaa mwisho wa safu, naona watu wote wanashuka pamoja na mimi nimebaki juu. Najua dini inamruhusu mgonjwa, na Mungu hamkalifishi mtu. Lakini niliona uchungu mkubwa. Nilitaka kitu kimoja tu, paji langu la uso lifike chini.

Mtaalamu wa viungo alininyoosha miguu kwa wiki nyingi, kisha akanituma Kamenge kwa Kocha Esperansi, mwanamke mfupi aliyewahi kucheza judo. Jimu yake ni uwanja wenye bati juu. Vyuma vyake ni volani, yale magurudumu mazito ya injini za zamani, na makopo ya rangi yaliyojazwa saruji, kila kimoja kimepimwa na kuandikwa kilo zake. Nilipoziona zile volani nilijua nimefika nyumbani.

"Muze, lete ile kigoda yako," Kocha akasema, akionyesha kigoda cha Mariamu nilichokuja nacho. "Kaa. Simama. Kaa. Simama. Tunaanza hapo."

Hiyo ndiyo ilikuwa programu yangu ya kwanza, programu ya wanaoanza, siku tatu kwa wiki. Kutoka kwenye kigoda nikaenda kuchuchumaa na fimbo tupu ya chuma begani, kisha kunyanyua chuma kutoka chini mgongo ukiwa umenyooka, kisha kukisukuma juu ya kichwa. Kila nikija anaongeza kilo mbili. Njaa niliyokuwa nayo siku zile, Mariamu alianza kuficha sufuria. Mwezi wa tano wa mazoezi nilisujudu chumbani peke yangu. Nikabaki pale chini nalia, mpaka Mariamu akaingia mbio akidhani nimekwama.

Nikarudi kwenye safu msikitini, na kigoda kikarudi jikoni.

Kisha vyuma vikakataa. Mara tatu mfululizo nilishindwa kusimama na kilo zile zile. Nilidhani ugonjwa umerudi, lakini Kocha akacheka.

"Apana ugonjwa, muze. Mwili yako imekomaa. Program ya kuanza iliisha. Sasa hatuongeze kila siku, tunaongeza kila wiki. Chagua ingine."

Ukutani alikuwa amebandika karatasi mbili za watu wa ngazi ya kati. Ya kwanza ilikuwa na siku tatu: moja nzito, moja nyepesi, moja ya katikati. Ya pili ilikuwa na siku nne, zote nzito, na ndiyo aliyoifuata Dezire, karani mmoja ambaye shingo yake ni nene kuliko paja langu. Nikachagua ya Dezire. Mtu aliyeamka kitandani kama mimi afanye siku nyepesi ya nini?

"Na kupumzika, unapumzikaka siku gani?" Kocha akauliza.

"Samedi," nikamjibu. "Asubuhi gereji inafungwa."

Sikusema uongo. Lakini mtu wa mji huu anajua Jumamosi asubuhi ni kazi za jamii, mtaa mzima unatoka na majembe na machepe. Huku Buterere, mvua ikinyesha mifereji inajaa tope, nasi ndio tunaizibua. Chepe kubwa kuliko yote anapewa nani? Swedi. Kwa hiyo Ijumaa jioni nilinyanyua chuma kizito kuliko vyote vya wiki, na Jumamosi nikasimama kwenye tope mpaka magotini, narusha tope juu ya bega asubuhi nzima. Kisha nikarudi nyumbani nikaandika kwenye daftari: "Nimepumzika." Sikuona kosa. Kwetu kazi ya Jumamosi haihesabiwi kuwa kazi, ni Jumamosi tu.

Jumamosi ya tatu, chepe likiwa juu, ile ganzi ikashuka tena mpaka kidole kidogo. Niliogopa, nikalitua chepe, nikarudi nyumbani. Sala ya alasiri ilipofika, Mariamu alikuwa amekalia kigoda anamenya mihogo. Nikasimama mlangoni. Akanitazama, akainuka na kukipangusa kwa kitenge chake.

"Twaa, Baba Salma. Lakini kesho mi mwenyewe nitaongea na Kocha."

Na kweli alikwenda, mimi nyuma yake kama mwanafunzi aliyeitiwa mzazi. "Anakudanganya huyu," akasema. "Samedi anachimbaka mitaro kama katapila."

Kocha akaniwekea daftari mbele. "Andika yote unabebaka. Ya gereji, ya samedi, hata maji ya nyumbani."

Zilijaa kurasa mbili. Akasoma, akatikisa kichwa. "Muze, Dezire anakaaka ku kiti siku yote. We unabebaka siku yote. Mutu hana mugongo mbili, moja ya jimu na moja ya kazi!"

Daktari alinipima tena, akasema diski haijasogea, nishukuru. Nikaanza upya na kigoda, wiki tatu nzima, kisha nikachukua ile karatasi niliyoidharau. Jumanne nzito, Alhamisi nyepesi, Jumapili ya katikati. Jumamosi Kocha aliandika kwa mkono wake: "Chepe. Ndogo." Gereji nikanunua kriki, na Hamisi akacheka mpaka akashika meza. Siku nyepesi zilinivunja sifa zote, maana pembeni yangu mabinti wawili wanafunzi wa uuguzi walibeba kuliko mimi na bado wakanipigia makofi kunitia moyo: "Kuraje, muze!" Ramadhani ilipoingia Kocha alipunguza tena, nami sikubisha.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mariamu, daktari na Kocha. Nawe uliyemaliza hatua ya kwanza ukapata nguvu, nakuomba, usichague hatua ya pili kwa kutazama shingo ya mwenzako. Tazama wiki yako yote, na uiandike yote.

Asubuhi ya Idi tulisali uwanjani. Hamisi alikuja na kigoda kwapani, amekibeba kutoka kwangu bila kuniambia. Nikamwambia akiweke pembeni. Takbiri ikapigwa, nikashuka. Nyasi zilikuwa na umande, nikausikia ubaridi kwenye paji la uso, na sikutaka kuinuka.

Nilipotoa salamu nikageuka. Hamisi alikuwa amekalia kigoda, mguu wa kulia ameunyoosha mbele.

"Goti," akasema, macho chini. "Mwezi wa tatu huu. Niliona haya. Nipe ile karatasi yako ya mazoezi, mudogo wangu."

"Apana, mukubwa. Kesho tunaenda kwa daktari, kisha Kamenge," nikamwambia. "Karatasi yangu bado. Ya kwako uko umeikalia: kaa, simama."