Mama Toa Mmoja

Mzazi akimwambia muuzaji wa vitabu vya watoto kwamba mwanawe ana miaka minane, muuzaji huitikia kwa adabu, kisha humpeleka kwenye rafu ya miaka saba. Haoni kama amemkosea mtu. Anaamini wazazi huongeza mwaka kwenye umri wa kusoma kama vile wenye nyumba wanavyoongeza sifa kwenye tangazo. Wenzake dukani walimpachika jina la Mama Toa Mmoja, likamkaa mpaka mwenye duka naye akalizoea.

Hata waamuzi wa tuzo yeye hawaamini. Kila orodha ya tuzo ya vitabu vya watoto inapotoka, huchukua vitabu vyote vilivyotajwa akaingia navyo stoo, akakaa juu ya boksi na kuvisoma kwa sauti. Kitabu kikimkausha koo kabla hakijafika katikati, hukipandisha rafu moja juu, hata kama orodha imekiweka chini.

“Waamuzi ni watu wazima,” husema. “Kitabu kikiwaliza wao, wanadhani na mtoto atalia. Mtoto atalala.”

Mihuri ya dhahabu ya tuzo huletwa imeviringishwa kama utepe, na kila duka hubandika lenyewe. Maduka mengine hubandika juu kulia, kama stempu kwenye bahasha. Yeye hubandika chini kushoto, miguuni mwa picha, kwa sababu juu ndiko wachoraji wengi huweka uso. Mtoto, anasema, hajui muhuri. Anatafuta macho ya kuangaliana nayo.

Tena ana sheria yake moja: kama umri haukukaa, rudisha kitabu ndani ya wiki, ubadilishiwe. Mwenye duka aliikubali kwa shingo upande. Mwaka huu shingo iligoma kabisa.

Vitabu vya tuzo vilikuwa bado vipya rafuni pale vilipoanza kuuzwa barabarani kwa kopi, kurasa za kijivu zilizobanwa kwa pini. Mwenye duka alimwita ofisini akampungia ukurasa mmoja wa kopi hizo.

“Mama, kuna mtu anachukua kitabu hapa, anakitoa kopi, halafu anakirudisha kama vile kimemshinda mtoto. Na mlango umemfungulia wewe.”

“Nani kasema kimetoka hapa?”

“Wapi kwingine wanakubali kurudishiwa? Mpaka mwisho wa mwezi nataka kujua ni nani. Vinginevyo, habari ya kubadilisha imekufa, na watoto wako nampa mtu mwingine. Wewe utarudi kwenye kalamu na madaftari.”

Kwenye kalamu na madaftari ndiko alikoanzia. Kalamu haiulizwi umri. Alitoka ofisini akiwatazama wateja wote kana kwamba kila mmoja ameficha kitu kwapani, lakini moyoni alikuwa na mtu wake tayari.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sare ya kantini na viatu vya mpira visivyotoa sauti. Siku ya kwanza alikuja moja kwa moja.

“Nataka kitabu cha mdogo wangu. Vile vya tuzo, vyenye muhuri.”

“Ana miaka mingapi?”

Mwanamke alisita. “Weka sita.”

Weka! Mtu mwenye mtoto nyumbani haweki, anajua. Mama Toa Mmoja alitoa mmoja, akampa kitabu cha rafu ya miaka mitano, cha bata aliyekataa kuoga. Wiki iliyofuata mwanamke alikirudisha akataka cha miaka saba. Kisha cha minane: msichana anayelinda duka la baba yake umeme ukiwa umekatika. Halafu akaja na uso umemshuka, akataka cha miaka minne; kile cha msichana alikuwa hajakirudisha.

“Huyo mdogo wako anakua, au anarudi tumboni?”

“Kuna siku na siku, dada,” alisema mwanamke, akaondoka.

Vitabu alivyorudisha vilikuwa na ugonjwa mmoja. Mgongo ulikuwa umelazwa kabisa, kama wa kitabu kilichogandamizwa kwenye kioo cha mashine ya kopi. Na pembezoni mwa kurasa kulikuwa na safu mbili fupi za alama ndogondogo, kama kuna kitu chenye meno kilichoonja karatasi. Mama Toa Mmoja alizipitishia kidole mara nyingi. Mtoto hang'ati kwa mstari ulionyooka.

Jumamosi iliyofuata alimsubiri na kitabu mkononi, amekifungua penye alama.

“Dada, nikuulize. Hiki kimepita kwenye mashine?”

“Ndiyo, unisamehe. Huwa anakibana kwenye mashine.”

Aliyataja hayo kama mtu anayeomba radhi kwa kukanyaga zulia. Mama Toa Mmoja alikifunga kitabu.

“Yaani unakiri?”

“Nilimwambia atie kitambaa katikati, hasikii.”

“Nani huyo asiyesikia?”

“Mdogo wangu, nani mwingine?”

“Mtoto wa miaka minne anaendesha mashine?”

Mwanamke alicheka, kisha kicheko kikamwishia usoni. “Njoo umwone. Si mbali.”

Mama Toa Mmoja alimpitia mwenye duka. “Nakwenda kuiona mashine ya kopi kwa macho yangu. Nisiporudi, ujue nilienda na yule wa kantini.”

“Usiporudi nitajua mlikuwa wawili,” alijibu mwenye duka, wala hakutabasamu.

Nyumba ilikuwa nyuma ya karakana ya seremala. Vumbi la mbao lilikuwa limefika hadi kizingitini. Njia nzima muuzaji alikuwa akitega sikio apate kusikia mlio wa mashine. Ndani palikuwa kimya. Chini ya dirisha palikuwa na cherehani nyeusi ya kukanyaga, na nyuma yake alikaa mwanamume mwenye mvi masharubuni, mkono wa kulia umelala mapajani kama si wake. Chini ya mguu wa cherehani, pale kitambaa kinapopita, palikuwa na ukurasa wa yule msichana na duka la baba yake, umebanwa usijifunge. Chini ya ukurasa, meno yanayovuta kitambaa yalikuwa yameshika karatasi.

“Mdogo wangu ndiye huyu,” alisema mwanamke. “Alikuwa fundi nguo. Kiharusi kilichukua mkono, kikachukua na herufi. Anaziona, lakini hazitulii. Daktari kasema aanze na za watoto.”

“Ungeniambia ni mtu mzima.”

“Ungenipa?”

Muuzaji aliutazama ukurasa uliobanwa. Alijua angemwelekeza kaunta nyingine.

Fundi alimtazama, akatafuta maneno taratibu. “Dada. Ndiye huyu… wa kutoa mmoja?”

“Ndiye.”

“Mwambie… siku zangu mbaya… atoe wawili.” Akaugonga ukurasa kwa kidole cha kushoto. “Hiki kirefu bure. Tuzo… ya nini?”

“Hayo nimewaambia dukani, hakuna aliyenisikia,” alisema Mama Toa Mmoja, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akakaa.

Hata hivyo, njiani kurudi shaka haikumtoka. Ilibadilisha tu mwelekeo. Kama si mashine hii, ni ipi? Aliingia ofisini bila kubisha.

“Bosi, nipe hiyo kopi. Yote, na jalada.”

Mwenye duka aliitoa kwenye droo. Mpaka siku hiyo alikuwa amemwonyesha ukurasa wa ndani tu. Jalada lilikuwa la kijivu, na juu kulia, katikati ya uso wa msichana, palikuwa na duara jeusi la muhuri.

“Hiki si cha kwetu.”

Mwenye duka alienda mwenyewe rafuni. Alishusha kimoja, akashusha cha pili, akashusha na cha tatu. Mihuri yote ilikuwa chini kushoto. Alivirudisha mahali pake.

“Basi anayetoa kopi ni nani?” aliuliza hatimaye.

“Tafuta kwa wanaowaziba watoto nyuso. Mimi sheria yangu inabaki?”

“Inabaki. Na wewe baki huko huko na watoto wako.”

Jumamosi viatu vya mpira viliingia tena bila sauti.

“Leo ana miaka mingapi?” aliuliza Mama Toa Mmoja.

“Wiki hii ameamka vizuri. Saba kamili, wala usitoe.”

Mama Toa Mmoja alimtazama mwanamke, jicho moja limefinywa, kisha akaenda kwenye rafu ya miaka sita.