Nimemuua Bosi kwa Kompyuta

Leo bosi wangu amesikiliza msiba wake mwenyewe.

Tunauza pembejeo kwa jumla hapa Manyoni, na wenye maduka vijijini huagiza kwenye mfumo wetu. Asubuhi nikaweka ukurasa mpya wa kuingilia, wenye nembo yetu ya ua la alizeti.

Bosi akakunja sura. "Toa hilo ua. Weka picha yangu. Duka ni mimi."

Akachagua picha ya suti. Nyuma akataka peusi, eti ndiyo heshima. Chini jina lake lote, na maneno "Daima pamoja nanyi."

Nikaona kabisa inafanana na nini. Nikaiweka hewani hivyohivyo. Jana aliniita mbumbumbu mbele ya wateja.

Haikupita muda, Mama Neema mwenye duka kijijini Mkiwa akapiga simu. Nikaweka spika, bosi akiwa pembeni.

"Mwanangu, nafungua niagize mbegu, nakutana na tanzia. Mzee kafariki lini?"

Nikataka kumweleza. Bosi akanizuia kwa mkono, anatabasamu. Alitaka kusikia anavyoliliwa.

Mama akahema.

"Shikamoo zote nilizompa yule mzee, hakuwahi kuitikia hata moja. Sasa duka mmebaki nalo nyie?"

"Ndiyo, mama."

"Basi Mungu ni mwema. Niletee mbegu zaidi ya siku zote."

Akakata.

Nikamuuliza bosi kama nirudishe ua.

Hakuitikia.

Oda nimeshapakia. Mama Neema bado anajua tumezika. Mngekuwa nyie mngemwambia?